Mwanangu amenilipia chakula chote Disney World, na mimi sili nyama

mama_lengalenga (Lubumbashi, Kampemba)

Jambo kwenu wana Lubumbashi, na nyinyi wote mliotawanyika. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimelazimika kuandika.

Mwanangu wa pili anaishi Dallas. Viza yangu ilitoka Kinshasa mwezi wa 4, namshukuru Mungu, na Agosti hii ya 2024 atanipeleka Florida, kwenye bustani za michezo za Disney World, pamoja na mke wake na watoto wao wawili, mmoja ana miaka 11 na mwingine 7. Tutalala usiku tano katika hoteli ya Disney iitwayo Animal Kingdom Lodge, kuingia Jumatano, kutoka Jumatatu. Jana kanitumia risiti kwa WhatsApp: "Mama, hata chakula nimeshalipa, wewe utakula tu mpaka uchoke."

Sasa shida. Mimi ni Msabato, na nyama niliacha mwaka 1997. Si nguruwe peke yake, zote, na samaki pia. Mayai na maziwa nakula. Hapa kwetu vita vyangu navijua: sombe (kisamvu) ya harusini ukiigeuza kwa kijiko, chini unakutana na kapenta, wale dagaa, wanakutazama. Visashi, mboga za karanga, ukivisifu, mpishi anakunong'oneza kwamba utamu wote ule umetoka kwenye samaki mkavu aliyetwangwa. Nimezoea. Nabeba karanga zangu kwenye mkoba na maisha yanaenda.

Lakini huko sijui mtu. Risiti imeandikwa Disney Dining Plan, yaani mpango wa chakula kinacholipwa kabla. Je, asiyekula nyama analipa sawa na anayekula? Naweza kuomba nitolewe, mwanangu arudishiwe pesa zake? Au nibebe unga wangu wa bukari (ugali) na kikanda kidogo, ile soseji yetu isiyo na nyama? Yeye sijamwambia kitu. Ametoka mbali mpaka kufika pale, sitaki aone kama nasukuma mkono wake.

kadogo243 (Lubumbashi, mtaa wa Kenya)

Mama kula tu michopo ya mbuzi wa kuchoma wiki moja, Florida ni mbali, mchungaji hataona 😂

mama_lengalenga

Mchungaji wangu mwenyewe anakula mbuzi, mwanangu. Si yeye ninayemwogopa.

fundi_jiko (Kissimmee, Florida)

Jambo Mama. Mimi ni mtoto wa Kamalondo, hapo Lubumbashi, sasa niko Kissimmee, jirani kabisa na Disney. Nafanya kazi jikoni kwenye hoteli nyingine, si yao, lakini ndugu wakija kutembea maswali yote yanaishia kwangu.

Mpango huo uliondolewa mwaka 2020 wakati wa korona, ukarudi tarehe 9 Januari mwaka huu wa 2024. Unauzwa kwa wanaolala katika hoteli zao tu. Uko wa aina mbili. Mdogo: kila usiku mmoja unampa mtu milo miwili ya mikahawa ya kuagiza dirishani, na kitafunio kimoja. Mkubwa: mlo mmoja wa mkahawa wa kukaa mezani na kuhudumiwa, mlo mmoja wa dirishani, na kitafunio kimoja. Yote miwili inakuja na kikombe cha kujaza soda, chai au kahawa pale hotelini muda wote mtakaokaa. Kikombe hicho ndani ya bustani zenyewe hakijazwi.

Kila mlo wanauhesabu kama pointi. Mimi naziita jetoni, ndiyo lugha tunayoelewa. Ukila, jetoni inatoka.

Maswali yako sasa. Bei ya asiyekula nyama hakuna. Wao wanajua mtu mzima na mtoto tu, sahani yako haiwahusu. Mtu mzima mpango mkubwa mwaka huu wa 2024 ni dola 94.28 kwa usiku, mdogo 57.01. Na kujitoa haiwezekani, Mama: walio kwenye kifurushi kimoja, kuanzia miaka 3 kwenda juu, lazima wote wawe na mpango uleule. Ama wote, ama hakuna.

Lakini usiogope njaa. Tangu mwaka 2019 kwenye menyu zao waliweka alama ya jani la kijani. Penye jani hilo hakuna nyama, samaki, yai, maziwa wala asali. Wewe unayekula mayai na maziwa una nafasi pana zaidi, ila nje ya lile jani inabidi uulize: supu imepikwa kwa maji au kwa mchuzi wa kuku? Maharage yametiwa nguruwe? Kwenye mikahawa ya mezani, mwambie mhudumu unataka kuongea na mpishi. Siyo kuringa. Kule ni kawaida, mpishi anatoka na kofia yake anakueleza.

mhasibu_ruashi (Lubumbashi, Ruashi)

Naomba niingie na kikokotoo, maana hapa kuna mtu anaonewa.

Kwanza, yule wa miaka 11. Mtoto kwao ni miaka 3 hadi 9. Kwa hiyo huyo analipa sawa na bibi yake. Mdogo wa 7, kwa bei ya mwaka huu, ni dola 29.69 kwa usiku. Ikiwa ni mpango mkubwa, watu wanne mara 94.28 mara usiku tano ni dola 1,885.60, ukiongeza 148.45 za mdogo unapata 2,034.05. Chakula peke yake!

Sasa tumtazame Mama. Sahani ya mboga mezani tuseme 25, kitindamlo 10, kinywaji 5: jumla 40. Dirishani 20 pamoja na kinywaji. Kitafunio 6. Kikombe ni zaidi kidogo ya dola 20, ukigawa kwa usiku tano ni 4. Jumla 70. Amelipiwa 94.28. Kila siku dola 24 zinabaki kwa Mickey.

Na bado. Kwa mwenye miaka 21 na zaidi mpango unaruhusu kinywaji chenye pombe katika kila mlo. Msabato hanywi. Kwa hiyo mpango huu umekatwa kwa kipimo cha mtu anayekula nyama ya ng'ombe na kuteremshia bia. Mama anapoteza kwenye sahani, anapoteza tena kwenye glasi.

Ushauri wangu: mwana aufute wote kabla siku hazijaisha, kila mtu alipie anachokula.

fundi_jiko

Papa mhasibu, hesabu yako ni safi ila umemkalisha Mama mahali pabaya. Asiagize sahani ya dola 25 kwa jetoni ya mezani. Aende kwenye bufe, unakojipakulia mwenyewe. Pale bei ni moja kwa kila mtu, jioni karibu dola 60, na jetoni inayotoka ni moja tu. Mkahawa wa Boma uko hapohapo kwenye hoteli yao. Tusker House iko ndani ya bustani ya Animal Kingdom. Na kwenye glasi achukue juisi ya matunda ya kusaga au ile ya maziwa iliyotiwa aiskrimu, nazo zinaruhusiwa, bei yake si ya soda.

mhasibu_ruashi

Weka 60 badala ya 40: unapata 90. Bado 94.28 hatujafika. Na mtu analipia dola 60 ale supu na saladi huku majirani wanakata minofu? Nyama yao analipa yeye.

fundi_jiko

Kwa harusi za kwetu je? Mchango wako unapunguzwa kwa sababu hukula kuku?

mhasibu_ruashi

Hapo umenipata kidogo.

mtoto_wa_katuba (Lubumbashi)

Samahani ba ndugu, mi niko na swali ingine. Vinkubala, bile viwavi, njo nyama ao haiko nyama? Juu kwetu mama anasemaka ni mboga, tu ni ile inatembea 😄

kadogo243

Ni nyama. Ina miguu.

yaya_wa_liège (Ubelgiji)

Meza nayo ina miguu.

msimamizi

Vinkubala vifunguliwe uzi wake. Hapa ni Mama na safari yake.

yaya_wa_liège

Sawa msimamizi, narudi kwenye mada. Mama, mimi nililala hoteli hiyo mwaka 2018, mume wangu ni mtu wa mboga tupu. Nikwambie jambo moja litakalokuchekesha: utadhani umefika nyumbani na mwenye nyumba hayupo. Jengo moja linaitwa Jambo House, jingine Kidani Village. Bwawa la kuogelea ni Uzima, duka ni Zawadi. Mkahawa wa kifahari unaitwa Jiko. Mwingine Sanaa. Ndani ya bustani kuna kijiji cha kubuni kinaitwa Harambe, na kibanda cha aiskrimu jina lake Tamu Tamu. Kiswahili kimeandikwa kila ukuta, na ukimsalimia mtu "habari ya asubuhi" anakuambia "jambo, jambo" anakimbia.

Boma siku ile tulikuta sufuria imeandikwa fufu, jina jingine la bukari. Mume wangu akashika sahani mbio. Ndugu zangu, ilikuwa viazi! Viazi vyeupe na viazi vitamu vimepondwa pamoja. Laini, tamu, siyo vibaya, lakini ukimpa mtu wa Lubumbashi viazi ukaviita fufu, jiandae. Supu zilikuwa nyingi na tuliambiwa ipi haina nyama. Mama, kuna kitindamlo chao kinasifiwa sana, kama vikuba vyeupe vyenye mistari ya pundamilia. Usiguse: ndani mna pombe ya Amarula.

Sanaa ndiyo nilipenda. Mapishi yao yameegemea upande wa Uhindi na Afrika pamoja, na mnajua Wahindi na mboga hawafundishwi. Kuna kitu cha mikate na michuzi tisa ya kuchovya ambacho watu wanavuka mji kukifuata. Ila hicho kinahesabiwa kama cha kufungulia, na mlo wa mezani kwenye mpango ni chakula kikuu, kitindamlo na kinywaji tu. Mikate utalipa pembeni. Lipa tu, usihesabu.

Pia ndani ya ndege agizeni chakula cha mboga mapema na mthibitishe tena siku ya kupanda. Mimi niliwahi kupewa kuku, kampuni siitaji, na mhudumu akaniambia nitoe vipande nile wali. Kutoka uwanja wetu wa ndege wa Luano mpaka Brussels kwa pakiti mbili za biskuti.

fundi_jiko

Asante yaya. Naongeza la vitafunio: zile keki za mchele wa kupulizwa zenye masikio ya Mickey zinashikanishwa kwa pipi laini yenye jelatini, na jelatini Marekani mara nyingi ni ya nguruwe. Wajukuu watakuletea kwa upendo. Tamu Tamu kuna aiskrimu laini ya nanasi iitwayo Dole Whip, haina maziwa kabisa, ila taja wazi unataka isiyo na pombe ya rom. Mlo wa dirishani, pale sehemu ya Pandora, ndani ya bustani ya Animal Kingdom, kuna mkahawa wa Satu'li Canteen, bakuli la tofu ya soya, linashiba.

Mzigo sasa. Hoteli ile chumba cha kawaida kina friji ndogo na mashine ya kahawa, jiko hakuna. Jiko kamili liko kwenye nyumba zao zenye chumba cha kulala peke yake na sebule. Kwa hiyo unga wa bukari utabeba wa nini, Mama, utaukoroga kwenye kikombe cha soda? Karanga za kukaanga beba, na kila cha kuliwa ukitamke kwa forodha ukifika. Kikanda kiache nyumbani. Mnajua kinatengenezwa kwa mizizi ya okidi, na okidi zote ziko kwenye CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kuvusha mipaka bila karatasi ni kutafuta maneno. Soseji yetu haina nyama hata kidogo, halafu ndiyo itakayokukamatisha.

mama_lengalenga

Nimecheka peke yangu mpaka jirani kaniuliza. Asanteni, hata papa mhasibu, ingawa umenikosesha usingizi na hizo dola 24.

Nina moja halijatajwa. Kati ya Jumatano na Jumatatu kuna Sabato. Kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama mimi siingii kwenye michezo, na sinunui wala kuuza. Nimewaza kubaki chumbani. Je, jetoni za Jumamosi zinapotea?

fundi_jiko

Hazipotei. Jetoni hazina siku. Zote zinawekwa kwenye fungu moja la chumba siku mnayoingia, mnakula kwa mpangilio wenu mpaka saa 5 na dakika 59 usiku wa siku ya kutoka. Baada ya hapo zilizobaki zimekwenda. Leo usile mezani, kesho ule mara mbili, ni shauri lenu. Na kwa kuwa fungu ni moja, jetoni ya mezani usiyoihitaji anaweza kuitumia mwanao. Ile Jiko, kwa mfano, kila mtu anatoa mbili.

mzee_wa_kanisa (Likasi)

Nimesoma yote kimya. Mama, ngoja nikuambie kitu ambacho hao wa vikokotoo hawakukiona. Wasabato tukisafiri, chakula cha Sabato tunakilipia Ijumaa. Ndivyo tulivyofundishwa: siku ya maandalizi. Sasa huo mpango umelipwa miezi miwili kabla. Jumamosi utakula bila senti kutoka mkononi. Wengine hapo hotelini watatoa kadi, wewe hutoi chochote.

mhasibu_ruashi

Mzee, samahani, jetoni si pesa?

mzee_wa_kanisa

Manna ya Ijumaa ilikuwa ya siku mbili.

yaya_wa_liège

Mnasahau matabishi, bakshishi ya mhudumu! Mkahawa wa mezani, matabishi hayamo kwenye mpango, na Marekani usipoacha wanakuona mwizi. Hayo ndiyo malipo ya Jumamosi.

fundi_jiko

Basi Jumamosi asikae mezani. Pale Jambo House kuna The Mara, ya dirishani. Hakuna wa kuhudumia, hakuna matabishi. Anachukua bakuli lake, anatafuta mahali palipo kimya, anatazama twiga. Mbuga ya wanyama iko nyuma ya hoteli kabisa, pundamilia wanapita huku unakula. Maji ya baridi ya kunywa ni bure kwenye mikahawa ya dirishani, omba kikombe tu, Agosti Florida inachemka.

msabato_kijana (Kolwezi)

Na yule anayepakua chakula The Mara, yeye Sabato yake iko wapi? Mzee, hilo pia lijibiwe.

mzee_wa_kanisa

Hilo nimelijibu miaka 30 na bado sijalijibu. Mama aamue na dhamiri yake.

tantine_golf (Lubumbashi)

Mimi nina la upande mwingine. Mama, mwambie mwanao leo. Usingoje mkae mezani, kisha mke wake aone umesukuma sahani. Mkwe hasahau sahani iliyosukumwa. Na meza za mikahawa ile wanaolala hotelini wanaziwekesha siku 60 kabla ya kuingia, kwa hiyo kama ni Agosti, siku zenyewe ni hizi hizi. Akichagua bila kujua, utajikuta kwenye nyumba ya minofu.

mama_lengalenga

Nimepiga simu. Kumbe alikuwa ameshapanga nyumba ya minofu kweli, siku ya kuzaliwa ya mke wake. Akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Mama, nilisahau." Miaka 8 hatujakaa meza moja, sikumlaumu. Mke wake akachukua simu, akaniuliza mayai nakula? Maziwa? Asali? Alikuwa anaandika, nasikia kalamu. Wamehamishia Jiko, wataenda wawili, watatumia na jetoni zangu mbili. Mimi nitabaki na watoto.

Nitarudi kuwaambia.

---

mama_lengalenga (Septemba)

Nimerudi. Mliniombea, asanteni.

Jetoni zangu tano za mezani: mbili zilikwenda Jiko na wale wawili, mbili nilikula Boma, moja Sanaa. Papa mhasibu, Boma nilifanya bidii kwa ajili yako, nilirudi kwenye supu mara nne. Mpishi alizunguka nami sufuria kwa sufuria, hii ndiyo, hii sivyo, hii ina mchuzi wa kuku. Hakuna harusi ya Lubumbashi niliyowahi kufanyiwa hivyo.

Mikate ya Sanaa tulilipa pembeni na ilistahili. Jani la kijani nililizoea siku ya pili, mjukuu wa miaka 7 akawa ndiye mkaguzi wangu, anatafuta jani kabla sijavaa miwani. Kila akiliona anapiga kelele "Bibi, hii yako!" mpaka watu wanageuka.

Sabato nilikwenda The Mara mchana. Nilichukua chakula, nikatoka nje nikakaa. Mzee, nilimkumbuka yule kijana wa Kolwezi, kwa sababu msichana aliyenipa bakuli alionekana amechoka. Nilimwambia asante kwa Kiswahili. Akaniambia jambo. Twiga walikuja watatu.

Usiku wa mwisho tukagundua vitafunio 9 havijatumika. Saa 4 usiku tulikimbia dukani Zawadi mimi na wajukuu, tukachukua pakiti za pipi na biskuti za kufungwa. Nilisoma kila pakiti nikitafuta jelatini, muuzaji akaanza kufunga mapazia. Tisa zote tulizipata. Nimezileta kwa watoto wa shule ya Sabato.

mhasibu_ruashi

Vitafunio 9 kwa dola 6 ni 54. Nimefurahi.

mtoto_wa_katuba

Mama, ba watoto ya shule ya Sabato bote balishakula? Juu mi niko tu hapa Katuba, haiko mbali.